Pikapu mpya, tundu lile lile: maswali yenu kuhusu hambaka

Barua nyingi safari hii zinahusu hambaka (pikapu za koili mbili zinazofuta mngurumo) za magitaa ya nusu-uwazi: yale yenye mwili mwembamba, matundu mawili ya f na gogo la mbao lililopita katikati, ukoo ulioanza na Gibson ES-335 mwaka 1958. (Tunazungumzia pikapu za gitaa, yaani sumaku na koili za waya zinazonasa mtikisiko wa nyuzi, si zile za kubebea mizigo.) Tumezijibu pamoja kwa sababu zinategemeana: anayechagua pikapu bila kufikiria itakavyoingia ndani ya gitaa hujuta akishashika pasi ya kulehemia.

Pikapu ya shingo inatoa sauti nzito, kama ina matope. Nikipiga kordi siwezi kutofautisha nyuzi. Ya briji haina shida. Ninunue ipi?

Kwa sasa usinunue kitu. Karibu na shingo uzi unayumba kwa upana kuliko karibu na briji, kwa hiyo pikapu ya pale hupokea besi nyingi hata ikiwa nzuri kiasi gani. Ikikaa juu mno, besi hiyo inafunika kila kitu. Bonyeza uzi wa sita kwenye freti ya mwisho kabisa, kisha pima nafasi kati ya chini ya uzi na kichwa cha skrubu ya pikapu. Rudia kwa uzi wa kwanza. Kianzio cha kawaida ni milimita 2.4 kwa pikapu ya shingo na 1.6 kwa ya briji. Kwenye gitaa la nusu-uwazi tunapendelea kuishusha ya shingo zaidi, hadi milimita 3 au 3.5 upande wa nyuzi nene, halafu tunapandisha skrubu za nyuzi tatu nyembamba nusu mzunguko kwa nusu mzunguko. Sauti itapungua kidogo; ongeza kwenye amplifaya. Malalamiko mengi ya matope huishia hapa, kwa bisibisi peke yake.

Yasipoisha, chungulia poti za volyumu (vidhibiti vilivyo chini ya vifundo) kwa kioo kidogo kupitia tundu la f. Hambaka inataka poti ya kiloomu 500. Ukikuta 300 au 250, umempata mwizi wa trebo: poti yenye thamani ndogo ni mzigo kwa koili, na mzigo huo hukandamiza kilele cha sauti za juu. Jaribu na kebo pia. Kebo ya kawaida ina kapasitansi ya takriban pikofaradi 100 kwa mita, hivyo kebo ya mita 6 inaning'iniza pikofaradi 600 kwenye pikapu yako. Chomeka ya mita 3 usikilize.

Kama baada ya yote hayo bado unataka kubadilisha, tafuta pikapu ya shingo ya kiloomu 7 hadi 7.7 iliyosukwa kwa waya wa geji 42 na yenye sumaku ya Alnico 5. Seymour Duncan '59 na Jazz, zote za shingo, zimo katika kundi hilo. Alnico 2 ni tamu, na wengi watabishana nasi, lakini besi yake imelegea, na wewe tayari una besi iliyolegea ya kutosha. Ukitaka yenye kifuniko, uliza kimetengenezwa kwa nini. Cha shaba ya njano hula trebo kwa sababu mikondo midogo ya umeme huzunguka ndani ya bati lenyewe. Cha nikeli-silva (ambayo haina fedha hata chembe; ni shaba, nikeli na zinki) hupitisha sauti karibu yote.

Muuzaji anasema pikapu ya kiloomu 16 ina nguvu mara mbili ya ile ya kiloomu 8. Ni kweli?

Hapana. Omu unazosoma kwenye mita zinakuambia mambo mawili tu kwa pamoja: urefu wa waya na wembamba wake. Hazikuambii sumaku ikoje wala koili imesukwaje. Waya wa geji 44 una ukinzani mkubwa kuliko wa geji 42 kwa karibu asilimia 60 kwa urefu ule ule, kwa kuwa ni mwembamba zaidi. Koili mbili zenye mizunguko sawasawa zinaweza kusomeka moja 8 na nyingine karibu 13, na nguvu yake isiachane sana.

Kinachokupa picha ya sauti ni indaktansi, inayopimwa kwa henri. Hambaka ya mtindo wa zamani huwa kwenye henri 4 hadi 5, na ile kali ya kupigia mitindo mizito hufika 8 au zaidi. Kadiri indaktansi inavyopanda, kilele cha mlio kinashuka: sauti za kati zinanenepa na trebo inafifia. Watengenezaji wengi hawaichapishi. Ikiwa wako anaichapisha, soma hiyo kabla ya omu.

Hata omu zenyewe zinahama na joto. Shaba huongeza ukinzani kwa karibu asilimia 0.4 kwa kila digrii moja ya selsiasi, hivyo pikapu iliyosomeka 8.0 asubuhi yenye baridi ya digrii 20 itasomeka 8.3 mchana wa digrii 30. Usimrudishie mtu pikapu kwa tofauti kama hiyo.

Na lile neno "PAF" linalopigiwa debe kila mahali? Seth Lover wa Gibson aliomba hataza ya hambaka mwaka 1955, ikatolewa 1959, na pikapu za kipindi hicho zilibandikwa karatasi ya kusema kwamba hataza imeombwa, "Patent Applied For", kwa kifupi PAF. Hesabu ya mizunguko haikuwa kali wakati huo, ndiyo maana pikapu halisi za aina hiyo husomeka popote kati ya kiloomu 7 na 9. Kwa hiyo "PAF" ni familia yenye ndugu wengi wasiofanana. Anayekuuzia kwa jina hilo muulize sumaku gani, waya geji gani, na kama imechovywa nta.

Kwa gitaa la nusu-uwazi ushauri wetu hauna kona: baki kwenye nguvu ya chini au ya kati. Pikapu kama Seymour Duncan JB, yenye kiloomu 16 na ushee, ni nzuri kwenye gitaa la mbao nzima. Kwenye lako italisukuma amplifaya mapema hadi ule mpumuo wa mwili wa gitaa, ambao ndio uliokufanya ulinunue, uzame ndani ya mkwaruzo.

Nichague iliyochovywa nta au isiyochovywa? Gitaa langu linapiga kelele nikiongeza sauti.

Kwanza ujue ni kelele ya aina gani, maana fidibaki (sauti ya spika inayorudi kwenye gitaa na kuanza kulia yenyewe) ziko mbili na dawa zake hazifanani. Ongeza sauti mpaka lianze kulia, kisha laza kiganja juu ya nyuzi zote. Likinyamaza, chanzo ni nyuzi na uso wa gitaa kutikiswa na spika. Hiyo ni sauti nene, ya kuunguruma, na hakuna pikapu itakayoiponya. Sogea mbali na spika, usiikabili uso kwa uso, punguza besi, na ukikosa namna ziba matundu ya f kwa sponji. Kama unalaza kiganja na bado linapiga mluzi mwembamba wa juu, hapo ndipo kosa ni la pikapu: koili au kifuniko kimelegea na kinacheza, pikapu imegeuka maikrofoni. Gonga kifuniko kwa ukucha. Ukisikia "toku, toku" kubwa kwenye spika, umepata jibu.

Nta huzuia mchezo huo. Isiyochovywa ina uwazi fulani wa juu unaopendwa na wapiga sauti safi, na kwenye jukwaa tulivu haina tabu. Mfano mzuri wa kulinganisha ni Seymour Duncan Seth Lover na Gibson '57 Classic: zote zina Alnico 2 na zote zinafuata mtindo wa zamani, ila ya kwanza haijachovywa na ya pili imechovywa. Kwa mwenye barua hii, anayeongeza sauti hadi kelele, iliyochovywa.

Unaweza pia kuichovya uliyo nayo. Changanya sehemu nne za nta ya mishumaa na moja ya nta ya nyuki, kwenye chombo kilichokaa ndani ya sufuria ya maji ya moto, na kipimajoto kikiwa ndani muda wote. Shikilia digrii 60 hadi 65. Ukivuka 70, plastiki ya koili inaanza kupinda, na pikapu iliyopinda haitengenezeki. Izamishe pamoja na kifuniko chake, mapovu yatatoka, na yakikoma (dakika 15 hadi 20) itoe, ifute, iache ipoe huku umekibana kifuniko. Nta isiwekwe kamwe juu ya moto moja kwa moja. Mvuke wake unawaka. Na kama pikapu ni ya miaka ya 1950 au 1960, weka sufuria chini uende zako: ukiichovya unaipunguzia thamani.

Nitajuaje kama pikapu mpya itaingia kwenye nafasi ya ile ya zamani?

Ondoa nyuzi, fungua skrubu nne za fremu, geuza pikapu, pima. Nafasi kutoka skrubu ya uzi wa kwanza hadi ya uzi wa sita huwa milimita 49 hadi 50 kwa mtindo wa Gibson, na takriban 52 hadi 53 kwa pikapu pana za briji. Milimita mbili za tofauti zinaudhi macho kuliko masikio, ila pikapu pana haiwezi kuingia kwenye kifuniko chenye matundu ya 50, kwa hiyo usinunue kifuniko kando kabla ya kupima.

Miguu ndiyo huwashangaza watu. Bamba la chini la pikapu lina miguu miwili ya skrubu za kupandishia, mirefu au mifupi. Ikiwa shimo lililochongwa kwenye gogo la kati si la kina, miguu mirefu itagota chini na pikapu haitashuka, na wewe umeshasoma hapo juu kwamba kuishusha ni nusu ya tiba. Pima kina cha shimo kwanza. Skrubu zenyewe nazo ni za namna mbili, za inchi na za milimita, na hazibadilishani: tumia zilizokuja na pikapu mpya, pamoja na springi zake. Ukilazimisha ya zamani utaharibu mifereji ya skrubu kwenye mguu.

Fremu ya zamani ihifadhi. Gitaa lako lina uso uliobinuka, na fremu bapa iliyotengenezewa gitaa la mbao nzima itakaa juu yake kama sahani juu ya mpira. Ukiikaza, inapasuka pembeni.

Hakuna mlango nyuma ya gitaa. Waya nitazipitisha wapi?

Kwenye tundu la f, na ndiyo maana tunasema fikiria ufungaji kabla ya pikapu. Lakini iko njia ya mkato, na kwa mtu anayebadilisha pikapu tu bila kugusa poti tunaipendekeza bila aibu. Toa pikapu ya zamani, kata waya wake ukiacha sentimita 10 hadi 12 zinazotokeza kwenye shimo, na unganisha mpya hapo hapo. Waya wa kati kwa waya wa kati, wavu wa nje kwa wavu wa nje. Valisha kila kiungo mpira wa kusinyaa kwa joto kabla ya kulehemu, halafu mmoja mkubwa juu ya vyote. Wavu uliosukwa usipofunikwa utagusa kiungo cha sauti na gitaa litakuwa bubu. Ukifanya kwa usafi, sikio halitajua kuna kiungo.

Ukitaka kubadilisha poti pia, jipange kwa nusu siku. Piga picha za kila kiungo unachokiona. Bandika utepe laini wa karatasi kuzunguka tundu la f ili rangi isikwanguke. Ng'oa vifundo, na kabla ya kufungua nati ya poti yoyote, funga uzi wa nailoni wa nusu mita kwenye mhimili wake. Fungua nati, sukuma poti ndani, acha mwisho wa uzi nje ya tundu na ubandike kwa utepe wenye jina: volyumu ya shingo, toni ya shingo, na kadhalika. Fanya hivyo kwa swichi na tundu la kebo. Sasa vuta kifurushi chote kupitia tundu la f la upande wa nyuzi nyembamba. Magitaa mengine yana mkato kwenye gogo la kati, chini ya pikapu ya briji, na hapo kila kitu hupita kwa urahisi zaidi. Angalia kabla ya kuhangaika na f.

Pima sehemu pana kabisa ya tundu la f kabla ya kununua poti. Poti kubwa ina kipenyo cha milimita 24, ndogo 16. Matundu ya uso nayo: poti ndogo za milimita hukaa kwenye tundu la 8, kubwa za inchi zinahitaji 9.5. Ukilazimika kupanua, tumia kipanuzi cha mkono chenye umbo la pia, ukizungusha taratibu. Drili hunyofoa rangi na kuchana tabaka la juu la mbao. Vifundo vyako vya zamani huenda pia visiingie kwenye mihimili mipya, maana meno hutofautiana.

Chora mpangilio wa matundu kwenye kadibodi, toboa, funga poti juu yake na ulehemu kila kitu nje ya gitaa. Mgongo wa poti ukwaruze kwanza kwa msasa, tumia pasi ya wati 40 au zaidi na risasi yenye rozini ndani, na usikae zaidi ya sekunde nne au tano mahali pamoja. Pasi dhaifu ndiyo inayochoma poti, kwa sababu inakulazimu kungoja. Valisha mpira sehemu zote za waya zenye wavu wa nje ulio wazi: ndani ya gitaa zitalala juu ya vituo vya poti. Kabla ya kurudisha, chomeka kebo na ugonge pikapu kwa bisibisi, nafasi zote tatu za swichi. Kosa linalogunduliwa mezani ni la dakika tano.

Kurudisha ni kinyume cha kutoa: uzi mmoja mmoja, kuanzia kitu kilicho mbali zaidi na tundu la f. Uzi ukikatika, chukua kimrija cha mpira cha tangi la samaki chenye upana wa ndani wa milimita 6, kipitishe kwenye tundu la uso hadi kitokee kwenye f, kivalishe kwenye mhimili wa poti na uvute. Waya mwembamba unaokwenda kwenye mkia wa nyuzi usiusahau. Gitaa likinguruma na kunyamaza unapogusa tundu la kebo, lakini lisinyamaze unapogusa nyuzi, huo ndio uliokatika.

Nimefunga pikapu mpya ya briji. Kila moja peke yake ni nzuri, lakini swichi ikiwa katikati sauti inakuwa nyembamba, kama inatoka puani. Nimeharibu nini?

Hujaharibu. Pikapu mbili zinapingana: moja inasukuma wakati nyingine inavuta, na besi zinafutana. Hutokea zaidi ukichanganya watengenezaji. Hakikisha kwa mita iliyowekwa kiloomu 20: ncha nyekundu kwenye waya wa sauti, nyeusi kwenye waya wa ardhi, kisha gusisha ubapa wa bisibisi ya chuma juu ya pikapu kwa ghafla. Namba itaruka juu au chini kwa nukta moja. Fanya kwa zote mbili. Zikiruka pande tofauti, zinapingana.

Kama pikapu mpya ina waya nne, badilishana waya wa sauti na wa ardhi, ukiacha ule usio na ganda kwenye ardhi daima. Rangi zisikudanganye. Kwa Seymour Duncan sauti ni mweusi, na mwekundu na mweupe huunganishwa pamoja. Kwa DiMarzio sauti ni mwekundu, na wanaounganishwa ni mweusi na mweupe. Kijani ni ardhi kwa wote wawili. Ukifuata mchoro wa mmoja kwa pikapu ya mwingine, utapata koili moja bubu au sauti ya ajabu.

Kama ina waya mmoja wenye wavu wa nje, usibadilishane. Kifuniko kimeunganishwa na wavu, kwa hiyo kitakuwa upande wa sauti na kila ukikigusa gitaa litanguruma. Hapo geuza sumaku: legeza skrubu nne za bamba la chini, sukuma sumaku itoke kwa upande, ibinue ili uso wa juu uwe wa chini, irudishe. Usivute koili mbali na bamba. Nyaya zake ni nyembamba kuliko unywele.

Lazima nibadilishe zote mbili?

Si lazima. Badilisha ya briji peke yake ikiwa ndiyo inayokukera, mradi isiwe dhaifu kuliko ya shingo. Kiloomu 8 hadi 8.5 kwa briji dhidi ya 7.5 kwa shingo, zote geji 42, hukaa pamoja vizuri.

Langu halina gogo la kati kabisa, ni wazi ndani, na lina P-90. Naweza kuweka hambaka?

Hilo ni la ukoo wa Gibson ES-330 na Epiphone Casino, na P-90 ni pikapu ya koili moja. Hambaka ya kawaida haiingii bila kukata mbao, na uso wa gitaa la wazi kabisa ukishakatwa haurudi. Tafuta pikapu ya kuondoa mngurumo iliyotengenezwa kwa umbo la P-90. Inakaa kwenye tundu lile lile, na ya zamani unaiweka kwenye sanduku pamoja na skrubu zake.